Santuri yako haina mkwaruzo

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: "Nimenunua santuri ya zamani iitwayo Love and Dancing, waliopiga wamejiita The League Unlimited Orchestra. Muuzaji aliniapia kuwa ni The Human League, kundi nililolipenda tangu ujana wangu. Nilipoipiga nikakuta nyimbo ninazozijua, ila waimbaji hawaimbi. Neno moja linakatika-katika, linarudiwa mara nne mara tano, kisha linatoweka. Nimebadilisha sindano nikidhani ni mkwaruzo, hali ni ileile. Je, hii ni albamu kweli, au kampuni iliuza nyimbo zilezile mara mbili? Na hiyo okestra iko wapi?"

Shikamoo mzee wangu. Sindano yako ya kwanza haikuwa na kosa, irudishe. Muuzaji naye alisema kweli. Kule kukatika-katika kwa sauti ndiko kulikomchosha mtengenezaji wa santuri hiyo kuliko kazi nyingine yoyote, na alikufanya kwa wembe.

Nianze na okestra kwa kuwa ni rahisi. Haipo. Jina ni utani juu ya Love Unlimited Orchestra ya Barry White, ile iliyoshika namba moja Marekani mapema mwaka 1974 kwa "Love's Theme", wimbo wa ala mtupu wenye fidla tele. Kwenye santuri yako hakuna hata fidla moja. Kuna sinthesaiza, mashine ya ngoma, mashine ya mwangwi, na mtu mmoja anayeitwa Martin Rushent, prodyuza wa The Human League. Jina la Barry White lilikuwa ishara kwa mnunuzi wa wakati ule: humu ala ndizo zinazoongoza, na ukumbi wa kucheza ndio unaolengwa. Wewe ukanunua kwa jina la waimbaji, ndiyo maana umeshangaa.

Sasa niingie kwenye swali lako zito. Kampuni ilifaidika? Ilifaidika, na wala sifichi. Albamu mama, Dare, ilitoka Oktoba 1981 ikafika namba moja Uingereza. "Don't You Want Me" ikawa wimbo namba moja wa Krismasi ya mwaka huo huko kwao, na Julai 1982 ikashika namba moja Marekani. Julai hiyohiyo kampuni yao, Virgin, wakaitoa Love and Dancing, nayo ikapanda hadi namba tatu Uingereza. Kundi halikuwa na albamu mpya ya kuwapa watu, na albamu iliyofuata, Hysteria, haikutoka mpaka mwaka 1984. Hapo mfanyabiashara yeyote angeona mwanya. Lakini mwanya wa biashara hautoshi kutengeneza kitu kizuri, na hii santuri ni nzuri. Mimi naiweka juu ya albamu nyingi "halisi" za mwaka ule, na kuna siku naiweka juu ya Dare yenyewe, ingawa najua wapenzi wa Philip Oakey, mwimbaji wa kundi, watanirushia mawe.

Ili uone kwa nini, tazama Dare ilivyotengenezwa. The Human League ni watu wa Sheffield. Mwaka 1980 lilivunjika: Martyn Ware na Ian Craig Marsh, ambao ndio hasa walikuwa mafundi wa sauti zake, waliondoka wakaenda kuanzisha Heaven 17. Oakey akabaki na jina la kundi, pamoja na Adrian Wright, ambaye kazi yake ilikuwa kuonyesha picha za slaidi nyuma ya jukwaa. Ziara ilikuwa mlangoni. Oakey akaingia klabu iitwayo Crazy Daisy, akawaona wasichana wawili wakicheza, Joanne Catherall na Susan Ann Sulley, wanafunzi bado, akawachukua. Baadaye wakaja Ian Burden na Jo Callis, huyu wa pili akiwa mpiga gitaa wa The Rezillos aliyetakiwa ajifunze kinanda cha umeme. Yaani kundi lililorekodi mojawapo ya albamu kubwa za sinthesaiza halikuwa na bingwa hata mmoja wa sinthesaiza. Bingwa alikuwa prodyuza. Rushent alikuwa amepata jina kwa kurekodi The Stranglers na Buzzcocks, watu wa magitaa na kelele. Kisha akauchoka mtindo ule, akajenga studio yake Genetic huko Berkshire, akaijaza mashine.

Mashine mbili nakuomba uzishike kichwani. Ya kwanza ni Roland MC-8, kompyuta ya kupiga muziki iliyotoka mwaka 1977. Haikuwa na vibao vya kinanda kama tunavyovijua, ilikuwa na tarakimu. Kila noti uliiandika kwa namba: iwe juu au chini kiasi gani, idumu kwa muda gani, na nafasi gani mpaka noti inayofuata. Mstari wa besi wa dakika chache ulikula saa nyingi za kubonyeza. Ya pili ni Linn LM-1 ya Roger Linn, iliyotoka mwaka 1980 ikiuzwa karibu dola 5,000. Hii ndiyo mashine ya kwanza ya ngoma iliyobeba sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali, na kila ngoma ilikuwa na tundu lake la kutokea: besi ya mguu peke yake, sneya peke yake, makofi peke yake. Rushent akazifunga mashine hizi zifuate kipimo kimoja cha mapigo.

Hapo ndipo siri ya santuri yako ilipo, na ndicho ninachotaka uondoke nacho hata ukiyasahau mengine: Love and Dancing iliwezekana kwa sababu Dare haikuyumba. Nakupa hesabu. Utepe wa studio ukienda kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unachukua sentimita 19 za utepe kwa kila pigo. Robo ya pigo ni chini kidogo ya sentimita tano. Mashine ikishika mapigo hayo bila kuchoka tangu mwanzo hadi mwisho, basi unaweza kupima muziki kwa rula ya mtoto wa shule. Unakata sentimita tano hapa, unabandika kule, na pigo linaangukia mahali pake. Sasa mweke mpiga ngoma binadamu, tena hodari, ambaye kiitikio kikimpandisha mori anaongeza mwendo kutoka 120 hadi 122. Hakuna atakayelalamika ukumbini. Lakini kila pigo lake limefupika kwa milimita tatu, na baada ya mapigo manane rula yako imekwenda kando karibu sentimita mbili na nusu, nusu nzima ya kile kipande ulichotaka kubandika. Utasikia muziki unachechemea.

Ndiyo maana albamu za namna hii zilichanua kwa watu wa sinthesaiza kabla ya watu wa magitaa. Watu husema ni kwa sababu sinthesaiza ni muziki wa disko. Kuna ukweli hapo, ila sababu kubwa zaidi ni ya kiufundi. Muziki wao ulikuwa umeshakatwa vipande sawasawa kabla haujagusa utepe, na kila ala ilikuwa kwenye njia yake peke yake ndani ya utepe. Rekodi nyingi za bendi zetu za miaka ya 70 zilichukuliwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja, sauti ya mwimbaji ikiwa imeshaingiliana na magitaa na tumba. Huwezi kumtoa mwimbaji bila kutoka na nusu ya bendi. Siku hizi kuna programu zinazojaribu, na zinazidi kuimarika, lakini mwaka 1982 hilo lilikuwa ndoto.

Rushent alifanyaje basi? Alirudi kwenye kanda za Dare, safari hii bila kundi, akakaa mbele ya meza ya kuchanganyia sauti na kuipiga kama ala. Anazima besi, anaacha ngoma. Anafungua makofi kwa mapigo manne kisha anayafunga. Neno moja la Oakey analitupa ndani ya mashine ya mwangwi, analiacha lirudi na kurudi huku wimbo ukiendelea bila yeye. Akishapata vipande anavyovipenda, ndipo rula na wembe vinaingia. Kile kigugumizi ulichokisikia, silabi moja ikirudiwa kwa kasi, siku hizi ni kubonyeza kitufe. Yeye hakuwa na samplea, mashine ya kunasa kipande cha sauti na kukirudia, ya kumfanyia hivyo. Ilimbidi anakili neno lile mara nyingi kwenye utepe, apime kila kipande, akikate, akibandike kwa gundi kimoja baada ya kingine. Inasimuliwa kuwa kanda kuu ya albamu hiyo ilikuwa na maungio zaidi ya 2,600. Albamu yenyewe ina nyimbo saba na inakwisha ndani ya dakika thelathini na kitu. Gawanya mwenyewe uone ni mara ngapi kwa dakika wembe ulipita.

Alisema aliyempa moto huo ni Grandmaster Flash, DJ wa Bronx aliyekuwa akikata na kurudisha santuri kwa mikono yake, na ukisikiliza vile vigugumizi unamwona Flash dhahiri. Ila mimi kwenye kule kuzima na kufungua nasikia pia Jamaika. King Tubby, fundi wa redio wa Kingston, alikuwa ameshaonyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 70 kwamba ukimnyamazisha mwimbaji, ukaacha ngoma na besi, ukamwaga mwangwi juu yake, una wimbo mpya. Na upande wa New York kulikuwa na watu wa disko kama Tom Moulton na Walter Gibbons waliorefusha nyimbo kwa ajili ya wachezaji. "Ten Percent" ya Double Exposure, aliyoirefusha Gibbons, ilitoka mwaka 1976 kwenye santuri ya inchi 12 iliyouzwa madukani, ya kwanza ya aina hiyo. Kwa hiyo ukimsikia mtu akikuambia Love and Dancing ndiyo albamu ya kwanza ya rimiksi, yaani ya nyimbo zilizochanganywa upya, duniani, mkatalie kwa upole. Hata mwaka 1971 Harry Nilsson alikuwa amechukua nyimbo za albamu zake mbili za awali akazichanganya upya kuwa moja, na albamu za Jamaika za mtindo huo wa King Tubby, uitwao dub, zikafuata. Alichofanya Rushent ni kulichukua jambo hilo na kulifanyia kazi ya mikono ya kiwango hicho kwenye muziki wa pop uliokuwa unaongoza chati wakati huohuo. Watu waliokuwa wanaimba "Don't You Want Me" jikoni walinunua pia toleo ambalo halikuwaacha waimbe.

Kwa msikilizaji wa kwetu nina njia ya mkato ya kulielewa hili. Wimbo wa dansi wa Kikongo una sehemu mbili: kwanza maneno, taratibu, mtu anakueleza machungu yake, kisha linafunguka sebene, magitaa yanashika usukani, na mwimbaji anabaki kutupia neno hapa na pale kuchochea wachezaji. Dare ndiyo sehemu ya maneno. Love and Dancing ni sebene la albamu nzima. Ukiipiga ukingoja ubeti wa pili utakufa ukingoja.

Ukitaka kuisikia vizuri, anza na upande wa kwanza. "Hard Times" inayofungua haimo kabisa ndani ya Dare. Ilikuwa upande wa pili wa singo ya "Love Action" mwaka 1981, kwa hiyo hata hoja ya kuuziwa kitu kilekile inaanza kuyumba kwenye wimbo wa kwanza. Baada yake inakuja "Love Action" yenyewe, na hapo nakuomba usifuate sauti ya Oakey. Fuata besi. Angalia inavyoondolewa ghafla na mwili wako unavyoitafuta, kisha inarudishwa, na furaha yote ya wimbo iko kwenye kule kurudishwa. Halafu "Don't You Want Me", zaidi ya dakika saba. Kisa unakijua: mwanamume anamkumbusha mwanamke kwamba alikuwa mhudumu wa baa alipomkuta, mwanamke anamjibu kwa heshima zote kwamba angefika alikofika hata bila yeye. Oakey mwenyewe hakuupenda wimbo huo, aliuona dhaifu, ndiyo maana Dare imeuweka mwisho kabisa. Rushent amewanyang'anya wote wawili nafasi ya kubishana. Kimebaki kile kinanda kikali cha mwanzo na vipande vya sauti, na ugomvi umegeuka ngoma. Kuna wanaochukia jambo hilo, na nawaelewa, maana mashairi ya wimbo ule ni mazuri. Lakini ukishaujua wimbo kwa moyo, kama unavyoujua wewe, akili inajaza maneno yenyewe pale yaliponyamazishwa, na hiyo ni raha ya aina yake.

Upande wa pili ni mwepesi zaidi. "Things That Dreams Are Made Of" na "Do or Die" ni za kuchezea, zipige mfululizo. "Seconds", ambayo kwenye Dare ni wimbo mzito juu ya kuuawa kwa Rais Kennedy, hapa imekatwa ikawa ya dakika mbili na nusu hivi, na kwangu ndiyo pekee iliyopoteza zaidi ya ilichopata. Ukiondoa uzito wa maneno yale kinabaki kinanda kizuri tu. "Open Your Heart" inafunga, fupi vilevile. Nyimbo nne za Dare hazikuguswa kabisa: "The Sound of the Crowd", "Darkness", "Get Carter" na "I Am the Law". Hizo tatu za mwisho sizisikitikii. "The Sound of the Crowd" naisikitikia.

Uliuliza pia, katika sehemu ya barua niliyoifupisha, kama makundi mengine yalifanya hivyo. Yalifanya, tena wakati uleule. Mwaka huohuo wa 1982 Soft Cell walitoa Non Stop Ecstatic Dancing, albamu fupi waliyoifanyia New York na prodyuza wao Mike Thorne. Ile ina joto zaidi na uchafu zaidi, unasikia klabu ndani yake, na waimbaji wapo. Mwaka 1986 Pet Shop Boys wakaja na Disco, nyimbo sita tu, wakiwapa kazi mafundi mbalimbali. Arthur Baker alichukua "In the Night", Shep Pettibone akachukua "West End Girls" na "Love Comes Quickly". Hapo utaona mlango umefunguka kwenda kwingine. Rushent alikuwa mtu mmoja na wazo moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo santuri yako inasikika kama safari moja. Disco ni mafundi kadhaa, kila mmoja na mkono wake, na inaokolewa na ufupi wake pamoja na masikio mazuri ya Neil Tennant na Chris Lowe. Baada ya hapo mtindo wa kukusanya ndio ulioshinda. Depeche Mode walipotoa Remixes 81–04 mwaka 2004 ilikuwa tayari ni ghala la miaka zaidi ya 20, diski juu ya diski. Ndani yake mna vito, kama Mike Shinoda wa Linkin Park alivyoipa "Enjoy the Silence" magitaa, lakini huiketii ukaisikiliza yote. Unaingia, unachukua unachokitaka, unatoka.

Kwa hiyo swali lako la biashara linafaa sana, ila ningelielekeza kwenye maghala hayo. Kipimo changu ni hiki: je, kuna mtu aliyeamua mpangilio wa nyimbo, kipi kikae na kipi kitupwe, au kuna mtu aliyekusanya tu kilichokuwapo kabatini? Ya kwanza ni albamu hata kama haina neno moja jipya. Ya pili ni bidhaa, na bidhaa nayo si dhambi, ilimradi unajua unachonunua.

Rushent na kundi hawakudumu. Walipoanza kutafuta albamu ya kufuata Dare waligombana, akaondoka, na Hysteria ikamaliziwa na maprodyuza wengine. Alifariki mwaka 2011. Ukiisikiliza Hysteria baada ya santuri yako utatambua mara moja ni mkono wa nani uliokosekana.

Neno la mwisho ni la kifundi, kwa faida ya sindano yako. Santuri hii ina besi nzito na miruko ya ghafla ya sauti, kwa hiyo mashine yako ya santuri ikiwa na mkono wa sindano mwepesi kupita kiasi sindano inaweza kuruka kweli kwenye "Love Action", na safari hii utakuwa mkwaruzo au uzito usiotosha, si wembe wa Rushent. Kuvitofautisha ni rahisi. Kigugumizi chake hakiachi pigo: ngoma inaendelea sawasawa chini yake. Sindano ikiruka, ngoma nayo inaruka. Ikikutokea, ongeza uzito kidogo kidogo kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa sindano, futa vumbi, jaribu tena. Na Dare kama huna tafuta CD ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliyoziweka albamu zote mbili pamoja. Zipige kwa mpangilio huo, Dare kwanza.